Monitrisi na Noeli ya Mapasa

Jina lake halisi sikulijua nikiwa mtoto, na nilipokuwa mtu mzima niliona haya kuuliza. Kambini kila mtu alimwita Monitrisi, maana ndiye aliyewafundisha watoto ambao bado hawajafikia umri wa shule. Hata mume wake alimwita hivyo. Siku moja nilimsikia mzee huyo akiita kutoka uani, "Monitrisi, suruali yangu iko wapi?" naye akajibu kutoka jikoni kwa sauti ileile ya darasani, "Uliangalia kwanza mbele ya kuuliza?"

Sauti hiyo! Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, siku zile mji ukiitwa Elisabethville kwenye barua na Lubumbashi midomoni mwa watu. Kila adhuhuri king'ora cha kiwanda kililia mpaka mbwa wakajificha chini ya vitanda. Monitrisi hakuwahi kunyamaza kwa ajili ya king'ora. Aliendelea kusimulia, na sisi wa benchi la nyuma tulimsikia yeye, si king'ora. Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "Silansi!", amri ya kunyamaza, na sijui kitu kingine kilichovunja kimya cha kambi ile kama neno hilo.

Kwa usafi alikuwa mgonjwa, sina neno jingine. Asubuhi alitupanga mstari kwenye bomba la maji, yeye mwenyewe ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja sabuni, mkono mwingine brashi ya kusugulia sakafu. Hakuuliza kama umeoga nyumbani. "Sikio chafu halisikii Mungu," alisema, akachukua la kwako na kulisugua mpaka ukamsikia Mungu, malaika zake na wazee wote waliotangulia. Mama yangu alijaribu kuniosha kabla, ili kuniokoa. Monitrisi alinitazama, akasema, "Mama yako eko muntu wa kazi," kisha akanisugua vilevile. Na usifikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimetameta. Leso yake moja ilifuta chaki ubaoni, makamasi yetu, na jasho la uso wake, kwa mpangilio huo au mwingine wowote.

Alikuwa na watoto saba wa kuwazaa. Hao walipomwona akitokea kona ya mtaa walitawanyika kama kuku walioona kipanga. Sisi, watoto wa watu, tulimng'ang'ania sketi mpaka ikateremka, naye akaivuta juu kwa mkono mmoja bila kukatiza wimbo. Shangazi yangu, ambaye hakuwa na breki mdomoni, alimwuliza kwa nini ana uvumilivu na wetu na hana na wake. Monitrisi hakuona swali hilo kuwa gumu.

"Bale nilibazala tu," alisema, kisha akatuonyesha sisi. "Aba njo nilichagula."

Ujasiri wake ulikuwa na mipaka ya ajabu. Niliwahi kumwona akimfukuza nyoka darasani kwa kumtupia kiatu, huku akimkaripia kwa kuingia bila kubisha. Lakini mbele ya Masere, mtawa wa Kizungu aliyesimamia shule ya misheni, sauti yake ilisinyaa ikawa uzi. "Ndiyo, Masere. Vema, Masere." Sisi watoto tulitazamana, hatuelewi huyo mwingine mdogo ametoka wapi. Baadaye nilijifunza kumsoma. Alipokubali jambo alisema "ndiyo, Masere". Alipokataa hakusema kitu. Aliangalia chini na kuanza kuhesabu vifungo vya blauzi yake kwa kidole, na Masere, maskini, alidhani huo ni unyenyekevu.

Sasa nije kwenye Noeli, maana huwezi kumsimulia mtu huyu bila Noeli.

Mvua ya kwanza ilipopiga bati, yeye alianza kutufundisha kuigiza kuzaliwa kwa Yesu. Mwaka wangu tulikuwa watoto thelathini na wanne. Hadithi yenyewe, ukiihesabu vizuri, haina nafasi ya watu thelathini na wanne. Monitrisi aliitanua. Kulikuwa na Maria na Yosefu, wafalme watatu, malaika sita, wachungaji wanne na kondoo wengi kuliko uwezo wa wachungaji hao. Punda alikuwa watu wawili, mmoja kichwa na mwingine matako, na watoto waligombania matako kwa sababu ndiyo yenye mkia wa kuchezesha. Waliobaki walikuwa vitu. Mmoja alikuwa nyota. Mmoja alikuwa moshi wa moto wa wachungaji, kazi yake ni kujizungusha mpaka aanguke. Watatu walikuwa ukuta wa zizi. Mimi nilikuwa mlango. Mtu alipobisha kifuani pangu nilisema "kwiiii" nikageuka ubavu. Mama alijivuna mtaa mzima: "Mutoto wangu eko mulango!" Jirani yetu, ambaye mtoto wake alikuwa ukuta, alikaa siku tatu bila kumwamkia.

Sheria ya Monitrisi ilikuwa moja, na aliirudia mpaka nikaiota. "Huku hakuna mutoto wa kuangalia. Kuangalia ni kazi ya bazazi." Mtoto mwenye kigugumizi alipata sehemu. Mtoto aliyeuma wenzake alipata sehemu, tena ya simba, ingawa hakuna simba Bethlehemu. Kulikuwa na mmoja ambaye mwaka mzima hakutamka hata neno. Huyo alikuwa usiku. Alisimama kwenye kona amejifunika blanketi jeusi, na wazazi wake walilia kwa furaha.

Vitabu vya Masere vilisema wafalme walikuja juu ya ngamia. Masere alituletea picha. Tuliitazama sana, kisha Kasongo, mtoto mnene wa fundi wa mashine, akatoa hukumu: "Hii ng'ombe iko mugonjwa. Angalia, mugongo imevimba." Monitrisi alikata shauri. Kwetu wageni wa kutoka mbali wanakuja kwa treni, kwa hiyo wafalme walikuja kwa treni, wameshikana viuno, wakipuliza "pwuuu" kila kituo. Na zawadi? Dhahabu hatukuwa nayo, tukatia waya wa shaba. Ubani tuliukubali. Manemane ilitushinda. "Mutoto anakulaka hiyo?" aliuliza mfalme wa tatu. Alipoambiwa hapana, alikataa kuibeba, akaleta sabuni. Monitrisi alimkumbatia mtoto huyo mbele ya watu wote.

Mwaka uliotangulia wangu ndio ulioleta balaa la kwanza. Mvua ilikatika katikati ya mchezo, jua likatoka, na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini nje ya mlango, maelfu kwa maelfu. Yeyote aliyezaliwa Katanga anajua maana yake. Kondoo waliondoka kwanza. Wakafuata wachungaji, halafu Yosefu, halafu punda, ambaye alikatika katikati kwa haraka. Malaika walirudi kuimba utukufu huku mabawa ya wadudu yamewatoka midomoni, na Maria alijaza kilemba chake akampelekea mama yake akaange. Wageni wa Kizungu walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Mke wa mkubwa wa kambi alipewa mmoja, mzima, na malaika mkarimu.

Kwa hiyo mwaka wangu Masere alikuja darasani kabla ya Noeli, akasimama katikati yetu na kumwambia Monitrisi kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mwaka huu, watoto kumi tu. Wengine watakaa kwa mama zao, kimya. Kama kuna fujo tena, darasa hili nitampa msichana aliyesoma kwa watawa, na wewe utaenda chumba cha pasi."

Hata mimi, mlango, nilielewa. Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya misheni, wanawake walinyoosha humo nguo za altare mchana kutwa kwa pasi za makaa. Hakuna mtoto aliyeingia humo. Monitrisi aliangalia chini. Akagusa kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho. Masere alipotoka, akatugeukia.

"Mulango, weye uko wapi? Tuanze."

Tulianza, wote thelathini na wanne.

Tungeweza kumaliza salama, nasema kweli. Tulikuwa tumeiva. Simba hakuuma mtu wiki nzima. Lakini asubuhi ya siku yenyewe Monitrisi alifungua kabati kumtoa Mtoto Yesu wa plasta aliyeletwa kutoka Ulaya, akakuta ana vumbi masikioni. Mnajua tabia yake. Akaketi juu ya ndoo, sabuni mkono huu, brashi mkono ule. Akamsugua Mwokozi kama alivyotusugua sisi. Rangi ya mashavu ikatoka. Akadhani ni uchafu, akaongeza sabuni. Macho yakatoka, kisha pua, kisha sikio lenyewe alilokuwa akilisafisha, na alipommwagia maji kumsuuza akabaki na kitu kama muhogo uliomenywa. Tulisimama mstari kwenye bomba tukimtazama. Hakuna aliyetaka kuwa wa pili.

"Silansi," alisema, ingawa hatukuwa tumesema kitu. 

Kambini kulikuwa na watoto wachanga wa umri wa kufaa katika nyumba moja tu, ya familia iliyotoka Kasai, na walikuwa wawili, mapacha. Mapasa. Mbuyi na Kabanga. Monitrisi alikwenda akiwa ameloa mpaka magotini, akaomba kuazima mmoja kwa saa moja. Mama yao, Mwambuyi kama tunavyomwita mama wa mapasa, alimtazama kama mtu aliyeomba kuazima mguu.

"Moja? Mama, weye haujue mapasa? Unapatia huyu, unapatia na ule. Unabeba huyu, unabeba na ule. Ukiacha moja, atakasirika, atagonjwa. Atarudia kwenye alitoka."

"Lakini Yesu alikuwa moja, Mwambuyi."

"Ule wa kwako. Wa kwangu beko babili."

Wakaafikiana hivi: wangekuja wote wawili, Mbuyi kwenye hori la nyasi mbele ya watu, na Kabanga nyuma ya punda, juu ya mto, apate nyasi zilezile na kitambaa kilekile. Mwambuyi angekaa mstari wa pili kuhakikisha.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa Masere, Padri mmoja mwenye ndevu nyekundu aliyewahi kukaa Kasai miaka mingi, na wageni wao. Masere alituhesabu kwa macho, akapita kumi, akafunga macho kidogo. Lakini tulicheza vizuri ajabu. Nilifanya "kwiiii" mara tatu bila kosa. Usiku alikuwa kimya. Mbuyi alilala horini kama aliyelipwa. Treni ya wafalme ikaingia, na mfalme wa kwanza akaweka waya wa shaba miguuni pa Mbuyi. Mfalme wa pili akaweka ubani. Wa tatu akaweka sabuni.

Mwambuyi akasimama.

"Na Kabanga?"

 Monitrisi, aliyekuwa amechuchumaa kando, aligeuza kichwa polepole.

"Na Kabanga ataona nini? Sabuni mumemupa Mbuyi, Kabanga mumemupa nini? Munataka kuniulia mutoto siku ya Noeli?"

Wanawake wakaanza kunung'unika, na si wa Kasai peke yao. Hata mama yangu alitikisa kichwa. Hilo si jambo la kumfanyia mtoto. Nyuma ya punda, kana kwamba amesikia anatetewa, Kabanga akaanza kulia.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Monitrisi, kwa hiyo niliuona uso wake. Alimtazama Masere, ambaye alikuwa akitikisa kidole kumkataza, hapana, hapana. Akaangalia chini, kidole kikaenda kwenye kifungo cha kwanza. Kisha akasimama, akapita kati ya kichwa cha punda na matako yake, akamnyanyua Kabanga, akamlaza horini kando ya nduguye. Akakata ile sabuni vipande viwili kwa meno.

Sasa, ukumbi mzima wa watu wa kwetu umeonyeshwa mapasa kwenye nyasi. Watafanya nini? Vigelegele vilipasuka, halafu bibi mmoja wa Kasai akaanzisha wimbo wa mapasa. Kwa wasiojua: nyimbo hizo si za kanisani. Ni za kumtukana baba wa mapasa, kwa upendo, kwa sababu wengine wanatosheka na mmoja na yeye hakutosheka. Zinataja tamaa yake, zinataja viungo vyake, zinaeleza alivyofanya na zinashangaa hakuchoka. Mimi nina wajukuu, siwezi kuandika zaidi. Na baba wa mapasa pale mbele alikuwa nani? Alikuwa Yosefu. Alikuwa Kasongo wa miaka mitano, mwenye ndevu za pamba, akitukanwa na wanawake mia moja wanaocheza.

"Miye nilifanya nini?" alilia. "Miye nilikuya na punda tu!"

Padri alikuwa amefunika uso kwa kofia, mabega yakimruka. Masere, ambaye hakujua hata neno la Kasai, alipokuja kukasirikia wale Yesu wawili alikuta watu wote wanaimba, jambo ambalo hajawahi kulipata hata Pasaka. Akamwuliza Padri wanaimba nini. Padri akajibu, bila kutoa uso kwenye kofia, kwamba wanaisifu familia. Basi Masere akaanza kupiga makofi. Alipiga makofi mpaka mwisho, na kwa mdundo sahihi.

Tulidhani tumepona. Wiki ile Masere alizunguka kambini akiuvumisha wimbo huo puani, na wanawake bombani walitia vichwa ndooni wasionekane wakicheka. Hata Monitrisi alianza kula tena. Lakini siku ya nane katekista mmoja, mtu wa dini sana, hakuvumilia kumsikia mtawa akiuimba mlangoni pa kanisa. Akamweleza maana, ubeti kwa ubeti.

Shule ilipofunguliwa, mbele ya darasa alisimama msichana mwenye soksi nyeupe na sauti nzuri. Tulimpa dakika chache, kwa adabu. Kisha simba akamwuma, tukatoka wote tukaenda kwenye chumba cha pasi, tukapanga mstari mlangoni tukiwa tumeshika masikio tayari kusuguliwa. Monitrisi alitoka na pasi mkononi, mvuke unamzunguka. Nilitegemea atatuambia "Silansi!" Alitazama mstari wetu mpaka mwisho, akarudi ndani akafunga mlango. Nilimchukia Masere kwa ajili ya siku hiyo, kwa miaka mingi, na siombi radhi.

Darasa hakurudishiwa tena.

Mara ya mwisho kumwona nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mimi mwenyewe nimesomea kazi yake. Nilikuwa na darasa langu la kwanza, watoto arobaini na mmoja. Yeye na mzee wake walikuwa wamehamia Ruashi, kwenye nyumba mpya za tofali, na nilikwenda Jumamosi moja ya Novemba na kilo ya sukari. Niliona vibaya kushika kazi ile bila kumwomba baraka. Miguu ilikuwa imemvimba, lakini sauti ilikuwa palepale, jirani wa tatu alijua kwamba nimefika.

Nikamwuliza kama aliwahi kujuta.

"Najutia kitu kimoja tu," alisema. "Sabuni ilikuwa mingi."

Tulicheka mpaka mzee akaja kuona kuna nini. Kisha, akiwa anakoroga chai, akaanza kutaja majina. Ilunga, Monga, Kasongo, Mujinga. Sikuelewa mara moja. Alikuwa akiwataja watoto wa mwaka wetu, mmoja mmoja, kwa jinsi tulivyosimama kwenye bomba. Langu lilikuwa la kumi na moja, na nililisubiri kama mtoto. Alipofika wa thelathini na nne hakunyamaza. "Na Mbuyi," alisema. "Na Kabanga." Akanywa chai.

"Sasa ba kwako."

Nilianza kuwataja wangu kwa majivuno. Wale watundu walikuja wenyewe, na wale wazuri, na wale wanaolia. Nilihesabu kwa vidole, nikafika arobaini. Nikarudia. Arobaini. Nilitazama dari, nikatazama sukari. Yeye hakunisaidia.

"Moja anabakia," alisema.

"Nimemusahau, Monitrisi."

"Eee, mama." Hakukasirika, ila aliweka kikombe chini. "Basi, baraka nitamupatia ule. Kwenda umutafute."

Jumatatu niliingia darasani nikaanza kumtafuta kabla sijavua koti la mvua. Alikuwa chini ya meza yangu, mtoto mdogo mwenye kaptura kubwa, anakula chaki. Nilipiga magoti nikamwuliza jina lake. Akaniambia, Kalenga, kisha akanisogelea, akavunja chaki yake akanipa nusu.